Kunguru na Kurabu: Daraja Moja, Maisha Mawili

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, daftari ambalo ulimwengu hulitazama ili kujua ni kiumbe gani kinachokaribia kutoweka, kunguru wawili wa Mariakani, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, wameandikwa daraja moja: lile la wasiotia wasiwasi. Wa kwanza ni kunguru wa Kiafrika, Corvus albus, mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, mnene wa mwili na mzito wa kuruka. Wa pili ni kurabu, Corvus splendens, kunguru wa Bara Hindi, mdogo kidogo, mwenye shingo ya kijivu na kelele zisizo na kituo. Kunguru alikuwako huku kabla ya reli, kabla ya barabara kuu na kabla ya mizani ya malori. Kurabu aliletwa pwani na binadamu, akazaana, na Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza azma ya kuwapunguza kwa milioni moja. Msomaji ana haki ya kushangaa: vipi ndege wawili wa daraja moja, mmoja aachwe na mwingine atiliwe sumu? Jibu langu ni kwamba daraja hilo halina kosa, ila linajibu swali ambalo Mariakani haikuuliza. Orodha inauliza kama ndege atatoweka duniani. Mji wa kando ya barabara unapaswa kuuliza ndege anaishi kwa nini, na ni nani anayempa. Swali hili la pili likijibiwa vizuri, hata hoja ya sumu itasomeka upya.

Tuanze na nasaba. Wote wawili ni wa oda ya Passeriformes, inayokusanya zaidi ya nusu ya spishi za ndege duniani. Wote ni wa familia ya Corvidae, na wote ni wa jenasi moja, Corvus. Jina la kitaalamu la kunguru wa Kiafrika lilitolewa na Statius Müller mwaka 1776, na la kurabu lilitolewa na Vieillot mwaka 1817. Kuwa jenasi moja hakuwafanyi ndugu wa tumbo moja. Kunguru wetu yuko karibu zaidi na kunguru wa Somalia, ambaye huzaa naye machotara katika Pembe ya Afrika, ilhali makao ya asili ya kurabu ni Asia ya Kusini, kuanzia pwani ya Iran, kupita Pakistan, India na Sri Lanka, hadi Myanmar. Nasaba inaeleza vizuri wanachofanana: akili nyepesi, kumbukumbu kali, na tumbo lisilochagua, linalopokea nafaka, panzi, mjusi, mzoga na yai la jirani. Haielezi kwa nini mmoja amejaa hadi miti inalemewa na mwingine ameadimika mijini. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo nasaba hulidokeza. Kule India kurabu ana koeli, ndege wa jamii ya kekeo, anayetaga mayai yake ndani ya kiota cha kurabu na kumwachia kazi ya kulea watoto wasio wake. Barani Afrika kunguru naye ana kekeo wake anayemfanyia hila hiyohiyo. Kurabu alipovuka bahari, koeli hakuvuka naye. Akafika pwani akiwa na uwezo wake wote wa kuzaa, bila yule aliyezoea kumpunguzia vifaranga.

Makao ndiyo yanayowatenganisha kabisa. Kunguru wa Kiafrika anapatikana karibu kote kusini mwa Sahara, na ng'ambo hadi Madagaska na Komoro. Hupenda nchi wazi: mbuga, mashamba, kingo za vijiji. Hujenga kiota juu ya mti mrefu, kwenye mnazi, na siku hizi hata kwenye nguzo za stima. Anaishi karibu na watu na hufaidika nao, lakini hajajifunga kwao. Mnyime soko, atarudi shambani kuokota wadudu na punje. Kurabu hana shamba la kurudia. Watafiti waliomfuatilia kutoka Asia hadi Afrika wanakubaliana kwamba hakuna jamii ya kurabu inayojulikana kuishi mbali na binadamu. Pasipo mji, soko, bandari, machinjio au jaa la taka, kurabu hakai. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Maana yake ni kwamba ramani ya kurabu ni ramani ya mabaki yetu, na kwamba idadi yake mahali popote inasema kwanza juu ya watu wa mahali pale, ndipo iseme juu ya ndege.

Historia yake inathibitisha hilo hatua kwa hatua. Mwishoni mwa karne ya 19 aliletwa Unguja kwa makusudi, kwa matumaini kwamba angesaidia kula taka za mji. Mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Bandari zilimfaa kwa namna mbili: meli zilimbeba na magati yakamlisha. Kutoka Mombasa alifuata miji ya pwani hadi Malindi, na kisha akaigeukia barabara ya bara. Mwaka 2024, waliokuwa wakitoa tahadhari walikuwa tayari wakitaja Makindu na Emali, na kueleza hofu ya kufika Nairobi. Katika safari hiyo Mariakani ina nafasi yake. Mji huu uko mwanzo wa barabara, si mbali na Mombasa, na una mizani inayosimamisha malori mchana na usiku. Pale lori linaposimama, hupatikana kibanda cha chakula. Kibanda kikipata wateja, bucha hufunguka karibu. Bucha ikifunguka, kuna matumbo na mifupa ya kutupwa. Kurabu hahitaji kuruka kutoka Mombasa hadi Emali kwa mkupuo. Anahitaji kituo chenye chakula, kisha kingine, kisha kingine. Barabara kuu imempangia vituo hivyo vizuri kuliko ambavyo angejipangia mwenyewe.

Madhara yake si uvumi wa vijiweni. Tangu miaka ya 1980 watafiti kama Colin Ryall wameandika juu ya kurabu wa Mombasa na shinikizo lake kwa ndege wadogo. Hupekua viota, hula mayai na makinda, hunyakua vifaranga vya kuku uani, na huwasonga kwa kundi ndege wakubwa kumzidi, wakiwemo mwewe na kunguru wenyewe. Mmoja kwa mmoja, kunguru ana mwili wa kumshinda kurabu. Tatizo ni kwamba kurabu hagombani mmoja mmoja. Katika Mombasa na katika mji wa Zanzibar, kunguru mwenye kifua cheupe sasa ni adimu pale alipokuwa wa kawaida. Mbali na ndege, kuna kinyesi kinachodondoka chini ya miti ya kulala, na kuna hofu ya kiafya isiyo ya kupuuzwa, kwa kuwa ndege anayekula jaani alfajiri ndiye anayetua asubuhi kwenye meza ya samaki.

Hapa ndipo daraja la IUCN linapohitaji kusomwa kwa makini. Ili spishi ihesabiwe kuwa hatarini kwa kigezo cha kupungua, kwa kawaida idadi yake yote duniani inapaswa kuwa imeshuka kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu. Kunguru wa Kiafrika ana makao yanayokaribia ukubwa wa bara zima. Tuseme ametoweka pwani yote ya Kenya, kutoka Vanga hadi Lamu. Orodha isingetikisika, kwa sababu ukanda huo ni doa dogo katika ramani yake. Linganisha na kwera wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi ambaye makao yake yote yanayojulikana yako ndani ya Kaunti ya Kilifi: msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha, ambako ndiko viota vyake vilikopatikana mwaka 2013, karne nzima baada ya ndege huyo kupewa jina. Huyu ameorodheshwa kuwa hatarini, na kwake orodha ni kipimo cha haki, kwa maana dunia yake na kaunti ni kitu kimoja. Kwa kunguru, orodha ile ile haioni kinachotokea Kilifi. Na kwa kurabu ni kipofu zaidi, kwa sababu haikutungwa kupima wingi unaodhuru. Ilitungwa kupima uchache unaotisha. Anayeishika orodha hiyo na kusema “basi hakuna tatizo” ameuliza bei ya nazi kwenye duka la vitabu.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, nalo ni zito kwa watu wa pwani. Je, si unafiki kwa pwani, iliyojengwa na wageni na upepo wa kusi na kaskazi, kumhukumu ndege kwa ugeni wake? Mwembe ulitoka Asia. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Kuku anayelindwa dhidi ya kurabu babu yake alikuwa wa misitu ya Asia. Pingamizi hili ni la kweli, na kwa sababu hiyo sijengi hoja yangu juu ya asili. Mwarobaini nao ulitoka huko Bara Hindi, ukatufaa kwa dawa na kivuli, lakini ukiachwa huingia hadi kwenye misitu mitakatifu ya kaya na kuminya miti ya humo. Faida yake haikuufutia lawama, wala ugeni wake haukuutia hatiani. Kinachohukumiwa ni tendo na ukosefu wa breki. Na kipimo hicho kimguse pia mwenyeji. Kusini-magharibi mwa Afrika Kusini, kunguru huyuhuyu wa Kiafrika ameongezeka sana katika nchi kavu isiyo na miti, na watafiti wamehusisha ongezeko hilo na nguzo za umeme zilizompa mahali pa kujenga, pamoja na hali ya hewa inayozidi joto. Huko analalamikiwa kwa kula kobe wadogo. Ni ndege yuleyule, mwenyeji wa bara lilelile, na kosa linafanana na la kurabu: amepewa na binadamu kitu ambacho nchi haikumpa. Mfano huu unanishawishi kwamba mstari wa kugawanya haupiti kati ya mwenyeji na mgeni. Unapita kati ya ndege anayeishi kwa kile nchi inachozaa na ndege anayeishi kwa kile watu wanachomwaga.

Pingamizi la pili linamtetea kurabu kwa kazi yake. Ndiye msafishaji asiyelipwa, husemwa. Bila yeye matumbo yangeoza barabarani. Hii ndiyo hoja iliyomleta Unguja, na zaidi ya miaka mia moja imetosha kuipima. Kurabu huchagua nyama, mafuta na wali, na kuyaacha mengine. Hagusi plastiki wala chupa wala nguo kuukuu. Ili kufikia anachokitaka hutoboa mifuko na kutawanya kilichokuwa kimekusanywa, hivyo huifanya kazi ya mfagiaji kuwa ngumu zaidi. Na hata tukimkubalia sehemu anayoila, malipo yake ni watoto: kila furushi la matumbo linalobaki wazi linageuka kuwa makinda ya kurabu, nayo makinda hayo yakikua hayaishii kwenye matumbo. Mji unaomtegemea kurabu kwa usafi unalipa kwa kuku, kwa samaki wa sokoni na kwa ndege wa bustani, ila malipo hayo hayaandikwi katika kitabu chochote cha hesabu.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, kwa wale wanaosema maneno yametosha, sumu itumike. Wana ushahidi wao. Kati ya mwaka 1999 na 2005 dawa iitwayo Starlicide ilitumika pwani ya Kenya, na katika maeneo kama Malindi na Watamu idadi ya kurabu ilishuka sana. Watetezi wake wanasema kwamba huvunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, hivyo mbwa au mwewe anayekula mzoga hadhuriki. Sitaki kuwapinga kwa huruma peke yake, ingawa kifo cha polepole si jambo la kupita bila kulitaja. Nina hoja mbili. Ya kwanza ni ya nasaba: dawa inayomuua kurabu humuua kunguru pia, kwa kuwa miili yao ni ya jenasi moja na meza yao ya chakula ni moja. Chambo hakisomi ukosi kuwa mweupe au kijivu. Kinachomwokoa kunguru ni mtu aliyefunzwa, anayekaa na kutazama ni nani anayekuja kabla ya kutega, na kazi hiyo hufanyika vizuri ikiwa ndogo na polepole, si ikiwa ya haraka na ya mamilioni. Hoja ya pili ni ya historia: dawa ilipokoma kuingia nchini, kurabu walirudi. Zanzibar nayo iliendesha kampeni katika miaka ya 1990, ikawapunguza, na walirudi. Dar es Salaam waliwaua kwa mamia ya maelfu kwa mitego na sumu baada ya mwaka 2010, na bado mji haujawaaga. Kuua bila kufunga jaa ni kutwanga maji kinuni, kwa sababu kila anayeuawa humwachia aliyebaki chakula kingi zaidi cha kulelea makinda yake.

Mtu anaweza kuniletea Uholanzi. Mwaka 1994 kurabu walifika kwa meli katika mji wa bandari wa Hoek van Holland, wakazaana taratibu, na kwa miaka mingi walibaki makumi tu. Kulikuwa na mabishano hadi mahakamani, hatimaye wakaondolewa. Je, hili halionyeshi kwamba kuua hufaulu? Linaonyesha kwamba kuua hufaulu mapema, pale ndege wanapohesabika na pale ambapo hakuna wengine jirani wa kujaza nafasi. Mombasa haina nafasi hiyo tena. Mariakani nayo, ikiwa imeunganishwa na Mombasa kwa barabara yenye malori kutwa kucha, haina pia. Ukiwamaliza leo, wengine watafuata mabaki yaleyale. Mahali panapofanana na Hoek van Holland kwa Kenya ni mwisho wa msafara, miji ya juu ambako kurabu bado ni wachache. Dawa, mitego na kuvunja viota vina maana kubwa kabisa huko. Kwa miji ya chini kama Mariakani silaha ya kwanza inapaswa kuwa kumnyima kurabu chakula, na dawa ifuate kama msaidizi, ikitumiwa na wenye ujuzi baada ya meza kuondolewa.

Najua jibu litakalokuja: kaunti haina fedha, na usimamizi wa taka ni kazi ya kizazi kizima. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Lakini kurabu, kwa kuchagua kwake, ametupunguzia kazi. Hatuhitaji kumaliza taka zote za Mariakani ili kumpunguza. Tunahitaji kushughulikia taka za nyama, samaki na vyakula vilivyopikwa, na hizo hutoka mahali panapojulikana kwa majina: machinjio, bucha, meza za samaki, hoteli na vibanda vya kando ya mizani. Mapipa yenye vifuniko vinavyofunga, matumbo yanayofukiwa siku ileile, na ukusanyaji unaofanyika jioni badala ya kuacha mifuko ilale hadi alfajiri, saa ambayo kurabu hutoka kwenye miti yao: hakuna kati ya haya kinachohitaji utaalamu wa ng'ambo. Wala sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Kinachokosekana ni kuunganisha mambo mawili yanayokaa katika ofisi tofauti, ndege kwa KWS na taka kwa kaunti, ilhali kurabu ameshayaunganisha zamani.

Hoja hii haimfanyi kunguru wa Kiafrika kuwa mtakatifu. Meza ikiondolewa, naye atapungua mjini, kwa maana naye amezoea vya bure. Tofauti ni kwamba yeye ana mahali pa kwenda, na huko aendako, katika mashamba ya Kaloleni na mbuga za bara, ana kazi ya kale ya kula wadudu na mizoga ambayo hakuna anayeilalamikia. Kurabu akipungua atapungua kweli, kwa sababu alijengwa juu ya mabaki yetu. Hivyo ndivyo makao yanavyosema kile ambacho nasaba haikuweza kusema na daraja la hifadhi halikukusudia kusema. Na kama hivyo ndivyo, basi mpango wa kurabu katika Kaunti ya Kilifi usipimwe kwa idadi ya mizoga itakayotangazwa kwenye taarifa ya habari. Upimwe kwa kiasi cha nyama na samaki kinacholala wazi usiku mmoja Mariakani, mwaka hadi mwaka. Kiasi hicho kisiposhuka, milioni ya kwanza ya kurabu itafuatwa na ya pili, na gharama zote mbili zitalipwa na watu walewale waliowalisha.